Fundi Bomba na Pikipiki ya Baba Mkwe

Ndugu, jamaa na majirani mliokuwa nasi tangu msiba huu utufike, familia imeona si vyema tumsindikize marehemu, ambaye nyote mlimwita Fundi Bomba, kabla hamjasikia alikotoka na alivyoishi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa nne wa baba seremala na mama mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1969, na alipomaliza akajiunga na shule ya ufundi, ambako alichagua mabomba ya maji akiwa msichana pekee darasani, na wenzake walipomcheka alicheka nao, kisha akawapita wote kwenye mtihani wa mwisho.

Mwaka 1980 aliajiriwa na kampuni ya ujenzi, na huko ndiko alikokutana na mumewe, fundi umeme, wakigombania tundu moja ukutani, huyu akitaka kupitisha bomba na yule akitaka kupitisha waya, ugomvi ulioishia kwenye ndoa tarehe 6 Juni 1987, nao wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili pacha.

Siku ya arusi kiti kimoja cha mbele kilibaki kitupu. Baba mkwe, tarishi mstaafu aliyependa viatu vyake ving'ae na jina lake liheshimiwe, alikuwa amesema hawezi kukaa mbele za watu kumshangilia mwanamke wa kuzibua masinki, na kwa miaka tisa aliitikia shikamoo za marehemu akitazama pembeni. Marehemu hakuacha kumwamkia.

Mzee huyo alikuwa na pikipiki aliyoinunua mwaka 1958, yenye mabomba mawili ya moshi, moja kila upande, ambayo enzi zake yaling'aa kiasi cha mtu kunyolea ndevu mbele yake, lakini kufikia mwaka 1996 la kulia lilikuwa limeliwa na kutu hadi kutoboka, la kushoto limejaa masizi, mafundi wote wa pikipiki wamemwambia vipuri vyake havitengenezwi tena, na asubuhi moja mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyeitwa na mzee mwenyewe, akafika na mkokoteni wake, mzee amejifungia ndani asione pikipiki inavyoondoka. Marehemu ndiye aliyetoka, akaushika usukani, akamwambia yule bwana arudi na mkokoteni wake mtupu.

"Huyu wa masinki ndiye aiguse pikipiki yangu?" mzee alifoka kutoka dirishani.

"Baba, bomba ni bomba," marehemu akajibu, "liwe la maji, liwe la moshi. Nikishindwa, mimi mwenyewe nitamrudisha huyu mtu."

Akalifungua bomba la kushoto, akalisafisha, akalifanya kuwa kipimo, akatafuta chuma cha unene uleule ili akunje la kulia lifanane nalo kama mkono na mkono, ila mara ya kwanza alipolipinda lilibonyea kwenye kona, na mzee, ambaye alikuwa amesogea uani akijifanya anatafuta miwani, akalitazama na kusema, "Hilo mpe mtoto anywee soda." Watu wakacheka, naye marehemu akacheka, lakini mumewe anatuambia kwamba alipoingia jikoni machozi yalimtoka, kwa kuwa alijua akiharibu kazi ile hatapata tena mlango wa kuingilia moyoni mwa mzee.

Hakukata tamaa, akajaza mchanga mkavu ndani ya bomba jipya ili lisibonyee, akaliziba huku na huku, akalipasha moto mpaka likawa jekundu, akalipinda taratibu bila papara, na safari hii kona ikatoka mviringo bila hata kunyanzi moja. Akachomelea, akapiga msasa mpaka vidole vikachubuka, akayapeleka yote mawili kwa fundi wa kupaka nikeli ya kung'arisha, akayarudisha na kuyafunga, na mzee akawa anakuja kila siku na kigoda chake kukagua, akidai amefuata kivuli, wakati upande ule hapakuwa na kivuli chochote.

Siku ya kuiwasha, marehemu alimwomba mzee aipige teke la kwanza. "Piga wewe," mzee akasema. Akapiga, ikakohoa; akapiga tena, ikanguruma kwa sauti nzito iliyotulia, mtaa mzima ukatoka nje, na mzee akainama, akaweka kiganja nyuma ya bomba la kushoto, kisha nyuma ya la kulia.

"Yanapumua sawasawa," akasema. "Haya, mwanangu, panda, unipeleke."

Akakaa nyuma ya mkwewe, suruali imepigwa pasi, wakapita duka kwa duka na kinyozi kwa kinyozi, na kila walipopita mzee alipaza sauti, "Mkwe wangu huyu! Fundi ndiye huyu!" Waliporudi alivaa suti, akaagiza mpiga picha aitwe, akawasimamisha bwana na bibi arusi kando ya pikipiki, akasema, "Ile arusi niliyoikosa, naomba niingie sasa."

Baada ya hapo marehemu alifungua karakana yake, akafundisha vijana wengi, wake kwa waume, na kumuuguza baba mkwe kwa mikono yake hadi alipofariki mwaka 2004, akiwa hataki kunyweshwa dawa na mtu mwingine.

Mwezi Novemba 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa, na hata akiwa kitandani alisikia bomba la wodini likivuja, akamtuma binti yake, fundi kama yeye, akachukue spana, naye akamwelekeza kwa kidole mpaka tone la mwisho likakatika na wodi nzima ikapiga makofi. Alituaga tarehe 9 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, ameshikwa mkono na mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika, mliokesha na mliobeba viti, na mafundi wenzake mliofunga karakana zenu ili mje kumsindikiza.

Nenda salama, mama, mke na mkwe wetu, upumzike kwa utulivu, kazi yako umeikamilisha.