Maneno ya Nyuma ya Pakiti

Umeme ulikatika mtaa mzima wa Shiro Meda, na jirani wa Tiruwerk akawasha jenereta likawa linanguruma dirishani mwake kama lori lililokwama. Tiruwerk akafunga kompyuta, akaitia kwapani pamoja na pakiti ya pilipili ya berbere, akashuka hadi kijiweni kwa mama Zenebech. Pale kando ya ukuta wa karakana ya wafumaji kuna benchi moja na vigoda vitatu, nyasi mbichi zimetandazwa chini, na birika la udongo la kahawa halitoki kwenye makaa. Walikuwepo wenyeji wa siku zote: Balozi, ambaye ubalozini alikuwa akifungua geti, na Injinia, ambaye nyumba anayojijengea haijapata paa mpaka leo.

— Ndiyo kazi yenyewe hii? Balozi alichungulia kioo cha kompyuta. Dada kaacha ofisi ya bima, kajifungia ndani mwaka mzima, kumbe anaandika pakiti za pilipili!

— Ulidhani nafanya nini?

— Mi nilisema kamari ya mtandaoni. Huyu hapa ndiye aliyesema unaandikia majasusi.

— Nilisema huenda! Injinia aling'aka. Huenda si ndiyo.

Tiruwerk alicheka, akarudi kwenye kioo. Tangu aanze kuandika nyumbani alikuwa ameishi kwa vijikazi: hotuba za harusi, wasifu wa marehemu wa kusomwa makaburini, tangazo la daktari wa meno. Hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Bi Alganesh, mwenye kiwanda cha berbere, alitaka maneno ya nyuma ya pakiti zinazokwenda kwa Wahabeshi walioko ughaibuni. Mara mbili alikuwa ameyakataa aliyoletewa. “Ubora wa hali ya juu, viwango vya kimataifa,” alimsomea kwenye simu, “mdogo wangu, hata mfuko wa saruji umeandikwa hivi.” Mchana huu ndio ulikuwa mwisho wa muda aliopewa. Na bosi wake wa zamani alikuwa amepiga simu asubuhi: kiti chako bado kitupu, ukikitaka sema leo.

— Ngoja tukusaidie, alisema Injinia akijisogeza. Andika inaongeza nguvu za kiume.

— We Injinia! mama Zenebech alimkemea. Wateja wangu wanakunywa kahawa hapa.

— Basi andika inafukuza homa.

— Homa kitu gani bwana, Balozi aliingilia. Mtu wa ughaibuni anataka historia. Andika kwamba malkia mmoja wa zamani alikuwa haendi vitani bila berbere mfukoni. Adui wakinusa tu, wanakimbia.

— Malkia gani huyo?

— Nani atakwenda kumuuliza? Keshakufa!

— Bora useme wanaanga wanakula, Injinia akapandisha dau. Kule juu chakula hakina ladha, nimesikia mwenyewe redioni. Weka picha ya roketi, nyekundu hivi, inatoka moshi...

— Na siku mteja akiniuliza roketi iko wapi? Tiruwerk alisema.

— Mwambie imekwisha ruka!

Benchi zima likaangua kicheko. Tiruwerk naye alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akatazama kioo, na pale kwenye kioo hapakuwa na hata neno moja jipya. Akatoa simu. Akalitafuta jina la bosi, kidole kikasimama juu yake.

Ndipo mwanamke mmoja mwenye begi la magurudumu akasimama kando ya makaa, akaomba kikombe. Alijitaja kuwa ni Yeshimebet, ndiyo kwanza anatoka Beirut, alikokuwa akifanya kazi za ndani, na anamsubiri kaka yake aje kumchukua. Alipewa kigoda. Alisikiliza mabishano ya malkia na roketi, akaitazama ile pakiti iliyolala kwenye nyasi, akauliza kwa upole:

— Samahanini. Inanukiaje?

Tiruwerk alihisi uso unamwaka moto. Pakiti ililetwa jana jioni, na hakuna aliyekuwa ameifungua, hata yeye. Alikuwa ameandika kwa kusoma makaratasi ya kiwanda.

Akaichana kona.

Balozi ndiye aliyepiga chafya kwanza, kofia ikamtoka. Injinia akafuata, halafu mama Zenebech, akishika birika lisimwagike. Yeshimebet alipiga chafya ndefu, akaziba uso kwa mtandio, na mabega yakaanza kumtikisika. Walidhani amepaliwa. Kumbe alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

— Kwa mama yangu, alisema, siku ya kutwanga wanakuja majirani wote. Tunakata vikonyo vya pilipili, tumejifunga vitambaa puani, na bado chafya hazikomi. Mtu haongei sentensi akaimaliza. Beirut nilinunua za dukani, nikawa nafungua naweka pua. Wapi! Hata siku moja sikupiga chafya.

Tiruwerk alikuwa ameshaanza kuandika. Hakuinua kichwa. Alipomaliza aliwasomea:

— “Fungua taratibu. Ukipiga chafya, umefika nyumbani.”

— Halafu? aliuliza Injinia.

— Basi.

— Hivyo tu? Hata roketi ndogo?

Yeshimebet alisema tu, “Mimi ningenunua mbili.” Tiruwerk akamtumia Bi Alganesh.

Mama Zenebech alikuwa anamimina kikombe cha mwisho simu ilipolia. Tiruwerk aliiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

— Mdogo wangu, alisema Bi Alganesh, nimewasomea wafungashaji wangu. Wamepiga makofi. Nataka uandike pakiti zangu zote, za unga wa shiro, za manjano, zote, na safari hii bei utaje wewe. Nimtume dereva akuletee vitu. Ofisi yako iko wapi?

Kijiwe kizima kilimgeukia Tiruwerk.

— Ofisi yangu ni nyumbani kwangu, Bi Alganesh, alisema Tiruwerk, na akajikuta amesimama. Mwambie akifika Shiro Meda aulize anakokaa Tiruwerk mwandishi. Yeyote atamwonyesha.

— Atamwonyesha! Balozi alipaza sauti ili isikike kwenye simu. Mi mwenyewe nitamfungulia geti!