Siku Niliyosema Doto Amekufa

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Nitaongea nimesimama. Nikikaa nitashindwa.

Nilizaa mapacha wa kike kule Kishapu, Kulwa na Doto. Kulwa akatambaa, akatembea. Doto hata shingo haikukaza. Hospitali wakasema ni mtindio wa ubongo, alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Nikaelewa. Lakini siku moja gulioni mama mmoja alimtazama mgongoni kwangu, akasema, "Huyu mwenzake alimmaliza nguvu tumboni," kisha akaendelea kuchagua nyanya. Yeye alisahau. Mimi, naona aibu kusema, nilianza kumwangalia Kulwa kwa jicho baya kila alipoomba chakula cha kuongeza.

Nikahamia Samuye kwa dada yangu. Wageni wakawa wananiuliza, "Mlikosea wapi? Anasikia huyo?" Wanauliza mbele yake, naye anasikia kila kitu. Nikahama tena, nikaja hapa Segese kuwapikia wachimbaji. Doto nikamweka chumbani nyuma ya pazia.  Mlango ukigongwa, nilikuwa nachungulia dirishani kama mwizi, ndani ya chumba ninacholipia kodi.

Sasa mnajua, kwetu ukiitwa Mama Kulwa, watu wanajua una mapacha, na wa pili ni Doto, kwa hiyo swali linakuja lenyewe. Jirani yangu mmoja, yupo hapa, simtaji, alikuja kuomba moto, akauliza, "Na Doto yuko wapi?"

Nikasema, "Alifariki."

Nawaambia, neno lilitoka laini kabisa. Jirani akanishika mkono, akanipa pole. Kulwa, wakati huo ana miaka saba, alikuwa anaosha sahani. Akasema, "Mama, Doto yupo. Nimemlisha sasa hivi." Na nyuma ya pazia Doto, ambaye maneno humtoka kwa shida, akaita, "Ni... po."

Natamani ningesema niliomba msamaha palepale. Nilikimbia. Nilifika barabarani nikasimama, sijui naelekea wapi. Niliporudi, jirani alikuwa mkekani amempakata Doto.  Alisema tu, "Binti ana kiu. Maji yako wapi?"

Wote wawili niliwaomba radhi. Kulwa alilia. Doto alijikaza, akasema, "Usirudie."

Jirani yangu, asante. Ndiye aliyetupeleka kwenye mazoezi ya viungo, akanileta kwenye kikundi hiki cha wazazi. Na fundi wetu wa kuchomelea vyuma, asante kwa kiti cha magurudumu ya baiskeli.

Maneno hayajaisha. Juzi mteja aliniuliza, "Huyu anaelewa kweli?" Nikamjibu, "Muulize mwenyewe." Akamuuliza. Tukasubiri, wali unapoa, mpaka Doto akasema, "Naelewa."

Basi mkimwona mtoto kama wangu, msalimieni yeye kwanza. Na wewe mzazi uliyemficha wako, najua upo, njoo kwangu, kesho hata leo. Ila usije peke yako. Njoo naye.