Mama Nesta Nzunda, Mpishi Asiyeamini Kicheko

Mama Nesta Nzunda amepika katika shule yetu ya bweni hapa Hasamba kwa miaka ishirini na tisa. Anastaafu tarehe 30 Septemba 2025, na Jumatano asubuhi uji utakorogwa na mkono mwingine.

Alianza mwaka 1996 akiwa na sufuria mbili na mafiga matatu. Walimu wa zamani wanasema enzi hizo maharage yaliliwa siku sita, na ya saba wanafunzi waliyaota. Yeye ndiye aliyelima bustani nyuma ya jiko: mnafu, mchicha, figiri na majani ya maboga. Akichuma mboga haongei, na hapendi mtu asimame nyuma yake.

Jambo kubwa kuliko yote lilitokea Februari 2023. Erica Simkoko, wakati huo kidato cha pili, aliokota uyoga mweupe chini ya miti ya misindano Jumamosi moja ya mvua. Konokono walikuwa wameutafuna, na wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba kilicholiwa na konokono hakimdhuru mtu. Akauchoma kwenye makaa, akala. Jumapili alitapika kutwa, akasingizia maharage. Jumatatu aliamka mzima, akapanga foleni ya uji huku akiwasimulia wenzake habari za uyoga wake kama kichekesho.

Mama Nesta aliweka mwiko chini. "Ulikula lini?"

"Juzi, Mama. Ila nimeshapona, si unaniona!"

Mama Nesta akasema apelekwe hospitali sasa hivi. Matroni Atupele alikasirika. "Mama Nesta, mtoto anacheka, wewe unamtabiria mabaya?"

"Kaka yangu Jairo naye alikula uyoga, akacheka, kule kwetu Ibaba," Mama Nesta akajibu. "Siku ya tatu. Akacheza mpira mpaka jioni."

Hakuna aliyeuliza jioni ile kulitokea nini.

Alimfunga Erica kitenge, wakapanda bodaboda kwenda hospitali ya Vwawa. Erica aliimba kwaya njia nzima. Walipofika, weupe wa macho yake ulikuwa umeanza kugeuka njano. Ini lilikuwa linakufa huku mwenye ini akiimba. Alihamishiwa Mbeya, akarudi baada ya wiki tano. Daktari alisema wangechelewa siku moja, asingerudi.

Mwezi uliofuata Mama Nesta alijenga banda la uyoga aina ya mamama, ili asiwepo tena wa kwenda kuutafuta msituni. Mle ndani kuna giza na joto, kama mdomoni mwa mtu. Uyoga umetokeza kwenye mifuko ya mabua ya maharage kama masikio, na vumbi lake huelea kama moshi usio na moto. Waliowahi kuwasengenya walimu mle wanaapa kwamba kufikia mchana Mama Nesta alikuwa anajua.

Mwalimu Barnaba wa Biolojia alitufundisha kwamba uyoga huo na mboga za majani vina vizuia oksidishaji, yaani kemikali zinazosaidia kulinda seli za mwili zisichakae mapema. Alisisitiza kuwa ni chakula, si dawa. Mimi hushangaa kwamba uyoga unaolinda na ule unaoua huota kwa mvua ileile, na sahanini hufanana. Kila Jumatano tunakula mamama na mnafu, na sahani hurudi nyeupe.

Tangu Jumatatu ile, hakuna aliyepewa uji kabla Mama Nesta hajamtazama machoni. Wageni wa kidato cha kwanza huogopa. Hudhani anasoma dhambi zao. Erica yuko kidato cha nne sasa, na kila asubuhi yeye hutazamwa muda mrefu kuliko wote, hasa akiwa anacheka. Foleni nzima husimama mpaka Mama atikise kichwa kukubali.

Mama Nesta, asante kwa uji, kwa mboga, na kwa kutotuamini. Tunakuombea nyumba yenye amani na uzee unaokuja polepole. Erica ni mzima. Sasa pumzika.