Sahani ya Raymond

Asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo kila familia Marekani hula pamoja nyumbani, mwaka wa kwanza wa vita, kinyozi wa karibu na stesheni alikuwa amefunga duka, lakini benchi la nje halina sikukuu. Orville Tuttle alikaa hapo kwa sababu nyumbani hapakaliki. Mkewe, Bernice, alikuwa ameweka mezani sahani ya Raymond, mtoto wao aliyeko vitani Pasifiki. Mama mkwe akaiondoa, eti kumwandalia asiyekuwepo ni kumwitia kifo. Bernice akairudisha. Wakamgeukia Orville aamue, naye akaaga kwamba anakwenda kupunga upepo. Sasa birika la kahawa alilochangia na Kinyozi na mwenzao mmoja lilikaribia kwisha, na uamuzi hana.

— Iache mezani, alisema fundi saa waliyemwita Jenerali, ingawa hajawahi kuvuka hata mto wa hapo mjini. Risasi ikijua mtu anasubiriwa, inapita pembeni. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? aliuliza Kinyozi.

— Inaingia. We kunywa kahawa.

— Mi nasema ifunikwe kifudifudi. Ipo na haipo. Mke kashinda, mama mkwe kashinda.

— Na mimi? aliuliza Orville.

— We ulishashindwa siku ya harusi.

— Thubutu, alisema Jenerali. Raymond yuko melini. Ukipindua sahani, umepindua meli.

Orville hakucheka. Tangu majani yaanze kupukutika hawajasikia neno kutoka kwa Raymond.

Treni ilisimama. Akashuka askari kijana, begi begani, masikio mekundu kwa baridi.

— Shikamooni, wazee. Treni yangu ni ya jioni. Leo mtu anakula wapi hapa mjini?

Wakatazamana. Kila mgahawa ulikuwa umefungwa.

— Unaitwa nani, mwanangu? aliuliza Orville.

— Delbert, mzee.

— Mamako huko kwenu kakuwekea sahani leo?

— Kaiweka. Kaniambia kwenye simu. Bibi kamgombeza mpaka basi.

Orville akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akalichukua begi la kijana.

— Twende. Kuna sahani inakungoja.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Jenerali.

Kinyozi akamgeukia polepole. Ilikuwa methali yake ya kwanza kupatia mwaka ule, na Orville, aliyekwishafika kona, hakuisikia.