Gololi Anastaafu: Habari ya Feni ya Tangi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi mwandamizi wa karakana yetu ya mota anastaafu baada ya miaka thelathini na minne. Wengi mnamjua kwa jina la Gololi, na wageni hudhani ni kwa sababu ya kipara.

Sivyo. Kila alipomaliza kusuka koili, kabla ya kurudisha rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, aliwasha umeme mdogo wa fezi tatu na kutia gololi ya beringi ndani. Ikikimbia duara, kazi imekubali. Ikitetemeka tu, anafumua yote bila kununa. Aliwafundisha wapya kwamba koili zinapokezana umeme kwa zamu, moja ikilegea nyingine imeshika, hivyo mvuto wa sumaku unazunguka ingawa koili zenyewe hazisogei. Pishanisha nyaya mbili tu, mota inazunguka kinyume. Alilirudia hilo mpaka tukamwona msumbufu.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mchomeleaji wetu aliingia kufanya kazi ndani ya tangi. Feni ya kutoa moshi ilikuwa imetoka matengenezo, na nyaya zake mbili zilikuwa zimepishana. Badala ya kutoa moshi, ilivuta ule wa jenereta iliyokuwa nje na kuusukuma ndani. Tulimtoa amekwisha kufa.

Gololi, aliyekuwa msimamizi wa zamu, aliiambia kamati ya uchunguzi kwamba aliiunganisha yeye. Alivuliwa cheo, akarudi benchi. Mjane wa marehemu, karani wetu wa stoo, hajaitikia salamu yake hadi leo. Gololi bado humsalimia kila asubuhi.

Feni ile niliiunganisha mimi. Nilikuwa na haraka. Niliisikia ikivuma vizuri, sikuweka hata karatasi mbele yake kuona hewa inaelekea wapi. Nilipokuwa naelekea kwenye kamati kusema ukweli, Gololi alinizuia mlangoni. “Dada, wewe una watoto wachanga. Mimi sina wa kumlisha. Nyamaza.”

Nikanyamaza. Mwaka uliofuata nikapewa usimamizi, nikawa bosi wake. Naona aibu kuyaandika haya.

Meneja nimeshampa maelezo yangu yaliyotiwa saini. Kaka, asante kwa kila mota uliyotusukia. Mungu akupe afya na siku nyepesi huko uendako.

Nawe dada wa stoo, najua Ijumaa utaketi safu ya mbele kwenye hafla ya kumuaga. Mpe mkono. Wa kunyimwa salamu ni mimi.