Ntate Thesele Mphutlane, Aliyetujazia Fomu za Ruzuku

Ndugu waombolezaji, Ntate Thesele Mphutlane, mzee wetu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, hapa kijijini Ha Rapitsi, wilaya ya Mokhotlong, theluji ikiwa imefunga njia, akasoma shule ya misheni hadi darasa la saba, kisha akaajiriwa posta, ambako kwa miaka thelathini aliwasomea watu barua zao na kuwaandikia majibu.

Tarehe 4 Aprili 1977 alimwoa 'Mè 'Mapuleng, baada ya kumpelekea barua ya posa yenye malengo, ratiba na matokeo yanayotarajiwa, naye akamjibu kwa mstari mmoja: "Malengo nimeyaona, ng'ombe sijawaona." Ng'ombe walifika, na wanandoa wakajaliwa watoto wawili, Puleng na Khotso.

Alistaafu mwaka 1997, wakati kijiji kimeshawaomba wafadhili bomba la maji mara tatu na kunyimwa mara tatu, na akina mama bado wanashuka bondeni na ndoo. Fomu ya nne akaijaza yeye, na palipoulizwa ni nini kinaweza kukwamisha mradi, ambapo wengine huandika ukame, yeye aliandika: "Chifu wetu, Morena Letlatsa, huchelewa kuamka."

Habari zilipomfikia, chifu alikuja amepanda farasi.

"Thesele, umeniandika mimi kama janga?"

"Si janga, Morena, ni kikwazo. Janga lina kisanduku chake."

"Futa."

"Imeshaondoka na gari la posta."

Mkaguzi wa wafadhili alipofika, alfajiri, alimkuta chifu kwenye mtaro wa bomba akiwa na sururu, amevaa blanketi la sherehe, akiuliza wengine wako wapi. Maji yalitoka tarehe 2 Oktoba 1999, na Morena, ambaye yupo nasi, ameruhusu haya yasomwe.

Tangu hapo vijiji kumi na kimoja vilimletea fomu zao, naye akawafundisha watu wote kuzijaza, akianza na Puleng: "Andika ukweli, mwanangu, wafadhili hawajauzoea."

Mwezi Aprili 2023 alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, akakataa kupanda kitandani mpaka asahihishe fomu yake ya kulazwa, na Ijumaa tarehe 12 Mei alituacha. Jumatatu ikaja barua, ombi lake la daraja la kuwavusha wanafunzi mto limekubaliwa, mwombaji afike mwenyewe kusaini. Atakwenda Puleng, ambaye kwenye nafasi ya sababu ya mwombaji kutofika ameshaandika: "Udhuru wa kudumu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa posta waliombeba.

Lala kwa amani, Ntate, daraja tutalijenga.