Kunde za Mama na Dawa ya Chupa

Asifiwe Mola aliyeumba kunde, na kwa hekima anayoijua mwenyewe akaumba na wadudu wake! Ndugu zangu wa Mbwara, mnanijua kama mtu wa kukaa nyuma na kuondoka mapema. Leo, baada ya sala ya alasiri, nimeomba nisimame hapa barazani. Nimeokolewa, na aliyeokolewa akinyamaza ni mwizi.

Mnajua nilivyokuwa. Nilisoma hadi chuo kikuu, nikarudi na miwani, sanduku la vitabu na maoni mengi. Niliandika makala juu ya vita vya Maji Maji, na humo nikawacheka wazee wetu walioamini kwamba maji ya mganga yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa matone. Niliwacheka kwa lugha nzuri sana. Babu wa mama yangu alikuwa mmoja wao. Alikunywa maji yale, akaenda, hakurudi.

Mkewe ndiye aliyebaki. Askari walipochoma maghala ili watu wafe njaa, alirudi majivu yakiwa bado na joto, akayazoa, akayatia kwenye kibuyu pamoja na konzi ya kunde aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la kaniki. Kunde zile hazikubunguliwa. Mvua iliporudi, akazipanda. Mama yangu alilelewa na bibi huyo, naye amezipanda tangu alipopata nguvu za kushika jembe, na kila mwaka hurudisha mbegu kibuyuni, ndani ya majivu. Ni kunde ndogo, nyekundu, zenye jicho jeusi. Sijaziona kwa mtu mwingine.

Mwaka jana magoti ya mama yakakataa shamba. Nikamwambia, "Nipe mbegu, nitapanda mimi."

"Zote?"

"Zote, mama. Mimi ni mtu mzima."

"Utu uzima nauona kwenye mvi," akasema. "Kwenye jembe bado."

Lakini akanipa. Na mimi, ndugu zangu, nikazipanda zote! Hata konzi moja sikubakiza. Mkulima yeyote hapa angenizuia, ndiyo maana sikumwuliza mkulima yeyote.

Zikaota vizuri. Zilipokaribia kutoa maua, wadudu mafuta wakaja, weusi, wamebanana kwenye vikonyo kama lami. Majani yakajikunja. Nikapanda bodaboda hadi stendi ya Kibiti, nikanunua dawa kwa mtu aliyekuwa akiuza kutoka kwenye begi. Chupa ilikuwa na picha ya mdudu aliyekufa chali na maandishi ya lugha nisiyoijua. Maandishi hayo ndiyo yaliyonishawishi. Dawa yenyewe nyeupe kama maziwa. Nikapulizia, nikangoja.

Kungoja kule! Sikuweza kukaa. Naenda shambani, narudi, chai haijapoa naenda tena. Nageuza jani, natembea hatua tatu, narudi kuligeuza lile lile. Najikuna bila kuumwa na kitu. Mama akiniuliza, "Kunde zangu hazijambo?" najibu, "Hazijambo," huku nikitazama mlango. Nikapulizia mara ya pili, nikapulizia mara ya tatu. Wadudu wakanawiri!

Shamba langu limepakana na la Bi Tatu, huyo mnayemsikia akicheka kule nyuma. Siku moja akanisimamisha kwenye mpaka.

"Profesa, unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Una nini?"

Nikamwonyesha chupa. Ilikuwa imekaa kivulini tangu juzi bila kutikiswa. Juu yalikuwa maji maangavu, chini tope jeupe. Akachokonoa kwa kijiti, akanusa, akashika kiuno.

"Wanga wa muhogo! Profesa, umewapikia uji! Ndiyo maana wamenenepa!"

Nikakaa chini kwenye tuta. Mimi, mcheka wazee, nimeamini maji! Tena wao walielekezewa bunduki vifuani na hawakuwa na pa kukimbilia. Mimi nilikuwa na Bi Tatu umbali wa matuta kumi, nikaona haya kumwuliza.

"Dawa ipo?" nikauliza.

"Ipo. Mwarobaini huo kwako, unaukalia kivuli ukisoma gazeti. Lakini mwenye mbegu anajua? Kamwambie kwanza. Sitibu cha watu kwa siri."

Ndugu zangu, njia ya kwenda kwa mama siku ile ilikuwa ndefu kuliko ya Dar. Nikamwambia yote. Akasema, "Mashina yaliyojikunja ng'oa, uchome. Usiyalilie. Bibi alianza na konzi."

Nikang'oa. Yakabaki matuta mawili ya pembeni. Tukatwanga majani ya mwarobaini, tukayaloweka hadi kesho yake, tukachuja kwa kanga kuukuu, tukatia sabuni kidogo ili dawa ishike. Jua likishuka napulizia chini ya majani. Alfajiri, umande ukiwapo, natia majivu.

"Maji haya hayazuii risasi," Bi Tatu alinionya. "Wala hayaui siku moja. Yanawaharibia hamu ya kula. Ukiacha kuja kutazama, wanarudi."

Basi kule kuhangaika kwangu, kulikokuwa ugonjwa, kukawa kazi. Asubuhi moja nikageuza jani nikakuta mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, anawala wadudu mafuta kwa utulivu ambao mimi sijawahi kuwa nao. Vikonyo vikawa kijani tena. Maua yakatoka. Nikalia peke yangu, Mola ni shahidi, na jirani pia, maana aliniona.

Nilimpelekea mama mavuno kwenye kikapu kidogo. Akazitia kunde kibuyuni, akamimina majivu, akaziba kwa gunzi. Hakikujaa hata nusu.

"Na mimi mbegu ya mwakani?" nikauliza.

"Nusu ya hizi. Nusu nyingine haitoki humu hata ulie."

Alhamdulillahi! Wazee niliowacheka, Mwenyezi Mungu awarehemu, na mimi anisamehe. Ndugu zangu, mtumainini Yeye, naye hamwachi mja wake. Lakini jani geuzeni. Anayesumbuliwa na wadudu aje kwangu, mwarobaini una majani tele, na anayeona haya aje vilevile, nitajifanya sikumwona.

Sasa mniwie radhi, ninaondoka mapema. Jua linashuka, na leo sijapita shambani.